Muziki unakatika, spika zinavuma: je, ninunue swichi maalumu ya muziki?

*"Assalaam alaykum. Nakaa Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba ya mawe ya ghorofa mbili. Ruta ya faiba iko chini karibu na mlango, na muziki nausikiliza juu ukumbini. Nina kisanduku kidogo cha kuchezea muziki wa mtandaoni chenye DAC (kigeuza namba kuwa sauti) ndani yake, amplifaya, na spika mbili za kuweka rafuni. Kifurushi changu ni cha Mbps 20. Napenda taarabu ya zamani na rumba ya Kongo. Kuanzia saa mbili usiku muziki unakatikakatika. Nilipovuta waya wa mtandao kutoka chini ili niachane na Wi-Fi, kukatika kulipungua lakini spika zikaanza kuvuma. Na sauti yenyewe tangu mwanzo ni kali, fidla zinachoma sikio, besi inazagaa. Muuza vifaa ameniambia mtandao wangu ni mchafu, dawa yake ni swichi maalumu ya muziki, yaani kisanduku cha kugawa mtandao wa waya, pamoja na waya wake, jumla shilingi milioni moja na laki nane. Hela nimeshaiweka kwa ajili hiyo. Ninunue?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usinunue. Nitakueleza sababu kwa urefu kidogo, maana hela hiyo ni nyingi, na ukiipeleka penginepo inatosha kukubadilishia sauti kiasi ambacho hata mgeni atakayeingia ukumbini ataitambua.

Kwanza tutenganishe mambo. Umeniandikia matatizo matatu na muuzaji ameyapa jina moja, "mtandao mchafu", kisha akayauzia dawa moja. Muziki kukatika ni suala la mtandao, hilo kweli. Spika kuvuma ni suala la umeme linalopita kwenye waya wa mtandao, lakini si la data iliyomo ndani ya waya huo. Fidla kuchoma na besi kuzagaa havitokani na uchafu wowote wa mtandao. Ukinunua ile swichi, la kwanza litabaki kama lilivyo, la pili huenda likapungua au likaongezeka kwa bahati tu, na la tatu halitaguswa.

Wazo kwamba mtandao bora unatoa sauti bora lina mizizi yake, wala simlaumu anayeliamini. Sisi tuliokulia kwenye kaseti na redio ya mkulima tunajua kwamba kila kilichopo njiani kinaacha alama. Antena ikilegea, sauti inakwaruza. Kaseti ikinakiliwa mara ya tatu, inapoa. Uchafu huingia kidogo kidogo na usafi hurudi kidogo kidogo, kwa hiyo mtu akikwambia kuwa waya mzuri zaidi unaleta sauti nzuri zaidi, sikio lako linakubali kabla akili haijauliza swali.

Muziki wa mtandaoni hausafiri hivyo. Unapotoka kwenye seva hauna umbo la sauti, ni namba tupu. Sekunde moja ya muziki wa kiwango cha CD ina vipimo 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16. Namba hizo hukatwakatwa kuwa pakiti ndogo, nyingi zikiwa na ukubwa usiozidi baiti 1,500, na kila pakiti hupewa namba ya foleni pamoja na hesabu ya uhakiki iliyokokotolewa kutokana na kilichomo. Pakiti ikifika, kifaa chako kinapiga hesabu ile upya. Ikilingana, inapokelewa. Isipolingana hata kwa biti moja, inatupwa na aliyetuma anatakiwa aitume tena. Kanuni hizi zinaitwa TCP, maelezo yake ya msingi yalichapishwa mwaka 1981, na ndizo hizo hizo zinazokuletea taarifa ya akaunti yako ya benki bila sifuri moja kupotea njiani.

Maana yake ni kwamba namba zinafika kamili, au hazifiki. Hakuna hali ya katikati ambapo zinafika zikiwa zimechakaa kidogo na kuifanya fidla iwe kali. Zisipofika kwa wakati utasikia ukimya, kurukaruka, au wimbo kusimama. Huko ndiko kukatika kwako kwa saa mbili usiku, na huo ndio ubaya pekee ambao mtandao wenyewe unaweza kuufanyia muziki wa aina hii, ukiacha programu inayoamua kushusha ubora, ambayo nitaitaja mbele.

Muuzaji pengine amekutajia pia "saa", kwamba swichi ya kawaida ina saa mbovu ya ndani na kwa hiyo inavuruga mapigo ya muziki. Hapa panahitaji maelezo, maana kuna kipande cha ukweli ndani yake. Namba zinapogeuzwa kuwa sauti, kila kipimo kinatakiwa kitoke kwa wakati wake barabara, na kazi hiyo inasimamiwa na saa ndogo ya fuwele. Lakini saa hiyo iko ndani ya kisanduku chako, pembeni ya DAC, wala haiko kwenye swichi. Kati ya swichi na DAC kuna akiba. Fikiria tangi la maji juu ya paa: maji ya bomba la mtaani huja kwa vishindo, mara yamejaa mara yamekatika, lakini bomba la bafuni linatiririka sawasawa kwa sababu linakunywa kutoka kwenye tangi. Kisanduku chako nacho huvuta wimbo kwa mafungu, kinaujaza kwenye kumbukumbu yake, kisha DAC inachota humo kwa mwendo wa saa yake yenyewe. Pakiti iliyochelewa kidogo njiani ikishaingia kwenye akiba, historia yake ya kuchelewa imekwisha.

Huna haja ya kuniamini mimi. Fanya jaribio hili leo usiku. Anzisha wimbo unaoujua vizuri, wenye fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarabu), uache ucheze kama nusu dakika, kisha chomoa waya wa mtandao nyuma ya kisanduku huku muziki unaendelea. Visanduku vingi vitaendelea kucheza kwa sekunde kadhaa, vingine mpaka wimbo uishe. Katika muda huo, mradi Wi-Fi ya kisanduku imezimwa, hakuna ruta, hakuna swichi, hakuna mtandao wa aina yoyote unaofika kwenye kisanduku. Sikiliza vitu viwili. Cha kwanza, ukali wa fidla: utakuwa pale pale. Cha pili, mvumo: kwa ulivyonieleza, nina hakika kubwa kwamba utakatika papo hapo, sekunde ile ile uliyochomoa. Ukishasikia hivyo kwa masikio yako, utakuwa umeyatenganisha mambo matatu vizuri kuliko maelezo yangu yote.

Sasa huo mvumo, kwa sababu ndio wenye ufumbuzi wa bei ndogo kuliko yote.

Tazama vichwa vya ule waya ulioshusha hadi chini. Je, ni plastiki tupu inayopitisha mwanga, au vimefunikwa kwa bati linalong'aa? Kama vina bati, huo ni waya wenye ngao, na watu wengi huununua wakidhani ngao ni alama ya ubora. Ndani ya tundu la mtandao la kifaa chochote cha kawaida kuna transfoma ndogo ndogo ambazo kazi yake mojawapo ni kutenganisha umeme wa kifaa hiki na wa kile. Data inapita, umeme haupiti. Ngao ya bati inazunguka ulinzi huo kwa nje: inaunganisha mwili wa ruta iliyoko chini na mwili wa kisanduku kilichoko juu, na kupitia waya za sauti inaufikia mwili wa amplifaya. Adapta nyingi za ruta huvujisha umeme kidogo sana, kiasi cha kawaida kisichodhuru, na umeme huo ukipata njia hutembea kwenye ngao ukaishia kwenye amplifaya, ambayo kazi yake ni kukuza chochote inachopewa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na ndiyo maana mvumo unaousikia ni mzito, wa chini, usiobadilika hata ukibadilisha wimbo.

Dawa ni waya usio na ngao, wenye vichwa vya plastiki, wa daraja linaloandikwa Cat 5e au Cat 6. Huna hata haja ya kubadilisha waya wote uliopita ngazini. Ukiwa na swichi ndogo ya kawaida juu, ile ya tundu tano yenye kasha la plastiki, unaingiza waya mrefu humo, kisha kutoka hapo kwenda kwenye kisanduku unatumia kipande kifupi kisicho na ngao. Ngao inaishia kwenye swichi. Waya wa Cat 5e unabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na muziki wako, kama nitakavyoonyesha, hautumii hata kijisehemu cha uwezo huo.

Unaponunua waya, angalia kitu kimoja ambacho ni cha maana kuliko jina lolote lililopigwa juu yake. Madukani kwetu kumejaa waya wa alumini iliyopakwa shaba, unauzwa kama waya wa shaba. Mwambie muuzaji akate kichwa, kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, alumini inaonyesha weupe chini ya rangi. Ule wa alumini unakatika ndani kwa ndani ukikunjwa kwenye kona, na kwa hewa ya chumvi ya pwani vichwa vyake havidumu. Hapo ndipo waya unapoleta shida kweli, na shida yake ni kukatika kwa muziki.

Ikiwa mvumo utabaki hata waya wa mtandao ukiwa umechomolewa, basi chanzo ni kingine. Mara nyingi ni waya wa dishi au antena ya televisheni uliounganishwa na amplifaya hiyo hiyo, au vifaa vilivyogawanywa kwenye soketi za vyumba viwili tofauti. Chomoa kimoja kimoja mpaka unyamaze, halafu vifaa vyote vya muziki vichomeke kwenye ekstensheni moja. Na tafadhali: kuna mafundi watakaokwambia uikate pini ya tatu ya plagi ya amplifaya ili mvumo uishe. Utaisha, na pamoja nao utaisha ulinzi wako siku umeme utakapogusa kasha. Usikubali kabisa.

Tuje kwenye kukatika. Wengi wanadhani dawa ni kupanda kifurushi. Tupige hesabu. Spotify ya kulipia, kwenye kiwango cha juu cha kawaida, hutumia takriban kilobiti 320 kwa sekunde. Mbps 20 zako ni kilobiti 20,000, yaani muziki unachukua chini ya sehemu moja ya sitini. Hata muziki wa kiwango cha CD usiobanwa kabisa ni kilobiti 1,411, na ukibanwa kwa njia isiyopoteza kitu hushuka zaidi. Ule wa kiwango cha juu kabisa ambao Apple Music inautoa tangu 2021, biti 24 kwa kilohezi 192, ungehitaji kama Mbps 9.2 bila kubanwa. Kasi unayo ya kutosha na kubaki. Unachokosa ni utulivu.

Nyumba yako yenyewe inaeleza nusu ya kisa. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa nusu mita na zaidi, na chokaa hiyo hunyonya unyevu. Mawimbi ya Wi-Fi yanachukia ukuta mnene na yanachukia maji, na huko yanakutana na vyote viwili. Masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo ya kasi, huzimika haraka zaidi. Ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri kidogo, lakini usiku majirani wote wamerudi nyumbani na ruta zao zimebanana kwenye masafa hayo hayo, pamoja na Bluetooth na oveni za maikrowevu. Chaneli zisizokanyagana humo ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kwa hiyo ulifanya jambo la maana kuvuta waya, na kukatika kulipungua kwa sababu hiyo. Usirudi nyuma.

Kwa kilichobaki, tafuta kwanza ni upande gani unaokwama. Chukua kompyuta ya Windows, iunganishe kwa waya pale juu kwenye swichi, na usiku muziki unapoanza kukatika fungua madirisha mawili ya amri utumie ping, amri inayotuma ujumbe mdogo na kupima muda wa jibu kurudi. La kwanza andika *ping 192.168.1.1 -t*, au anwani yoyote iliyoandikwa chini ya ruta yako. La pili andika *ping 8.8.8.8 -t*, ambayo ni anwani ya seva ya Google. Ziache zikimbie dakika kumi huku unasikiliza. Dirisha la kwanza linapima safari ya kutoka juu hadi kwenye ruta. Kwa waya mzima linatakiwa lionyeshe milisekunde 1 au chini yake, mstari baada ya mstari. Likionyesha majibu yanayopotea, waya au kichwa chake ni kibovu. La pili linapima safari ya kwenda nje. La kwanza likiwa shwari huku la pili linaruka kutoka 60 hadi 400 au linakosa majibu, basi tatizo liko nje ya waya wako wa ndani, na hakuna kifaa cha kuweka ukumbini kitakachoondoa tatizo la huko.

Lakini kabla hujampigia mtoa huduma, hakikisha si watu wa nyumbani. Saa mbili usiku ndiyo saa ambayo simu zote zimerudi, zimechomekwa chaji, na zinaanza kupandisha picha na video za siku nzima. Vifurushi vingi vina njia nyembamba ya kupandisha. Njia hiyo ikijaa, foleni inajengeka ndani ya ruta, na maombi madogo madogo ambayo kisanduku chako kinayatuma ili kuletewa fungu linalofuata la muziki yanakaa nyuma ya video za harusi. Zima upandishaji huo kwenye simu zote kwa usiku mmoja. Ping ya pili ikitulia, umeshampata mhusika. Unaweza kuupanga ufanyike alfajiri, au ukanunua ruta yenye usimamizi wa foleni, ule ambao kwenye mipangilio huandikwa SQM. Huo ndio ununuzi pekee wa kifaa cha mtandao ninaoweza kuutetea kwa ajili ya muziki, na bei yake haikaribii hata nusu ya ulichotajiwa.

Kama umeme wenu hukatika au huyumba usiku, ongeza UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12 kwa ajili ya ruta. Ruta ikizimika kwa nukta moja huchukua dakika mbili tatu kuamka.

Yapo pia ya mbali kabisa na nyumba yako. Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na Tanzania, Kenya na majirani wakakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Siku kama hizo hakuna waya wa milioni unaosaidia. Kinachosaidia ni zile albamu unazozipenda kuwa umeshazipakua mapema kwenye simu. Namba zilizopakuliwa ni zile zile, sauti ni ile ile.

Sasa ukali wa fidla, na hapa ndipo ningependa hela yako iende.

Anza na mambo ya bure. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya muziki, tazama ubora. Ukiwa umeachwa kwenye "otomatiki", programu huushusha yenyewe mtandao unapoyumba, kisha muziki uliobanwa sana ndio unaokwaruza juu, hasa kwenye fidla na matoazi. Hii ni njia moja ambayo mtandao mbaya unaweza kushusha ubora kweli, lakini ni kwa uamuzi wa programu, na unaufunga kwa kugusa kitufe. Weka kiwango cha juu kabisa. Spotify nayo ilianza kutoa ubora usiopoteza kitu Septemba 2025, ikiufungua nchi kwa nchi, kwa hiyo angalia kama chaguo hilo limeshafika kwako.

Pili, hakikisha humtumii Bluetooth kama mbebaji. Ukiunganisha simu na kisanduku kwa Bluetooth, muziki uliokwisha kubanwa unabanwa tena ndani ya simu kabla ya kurushwa. Njia sahihi ni kukichagua kisanduku ndani ya programu yenyewe kupitia mtandao wa nyumbani. Hapo simu inabaki kuwa rimoti, na kisanduku kinavuta wimbo chenyewe moja kwa moja kutoka kwenye seva.

Tatu, kubali ukomo wa chanzo. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Mkwaruzo unaousikia kwenye rekodi zile uko kwenye santuri, na kuziletea biti 24 ni kuuleta mkwaruzo ule ule kwa usahihi mkubwa zaidi. Mimi nazipenda hivyo hivyo. Lakini usizitumie kupimia vifaa. Pimia kwa rekodi za karibuni zilizofanywa vizuri.

Kisha chumba chako. Ukumbi wa nyumba ya Mji Mkongwe una umbo lake: mrefu na mwembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, karibu mita 3 hivi au pungufu. Kuta ngumu mbili zilizotazamana kwa umbali wa mita 3 zinakuza sauti za mizunguko kama 57 kwa sekunde, pale pale gitaa la besi la rumba linapokaa. Hiyo ndiyo besi yako inayozagaa. Na ukali wa juu unatokana na sauti ya fidla kugonga ukuta uliopakwa chokaa na sakafu ya saruji au vigae, kisha kurudi sikioni milisekunde chache baada ya ile ya kwanza. Piga kofi moja katikati ya ukumbi. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka baada ya kofi, hicho ndicho kinachochoma fidla zako.

Toa spika rafuni, au angalau zivute mbele, uziweke kwenye stendi kwa urefu wa masikio yako ukiwa umekaa. Ziache mbali na ukuta wa nyuma sentimita 50 hivi kama nafasi inaruhusu, na ziwe mbali na kona. Kaa mahali ambapo wewe na spika mbili mnafanya pembetatu ya pande zilizo sawa, na usikae umeegemea ukuta, kwa sababu hapo besi hujazana. Tandika zulia nene kati yako na spika. Mkeka pekee hautoshi. Weka pazia zito kwenye kuta za pembeni pale sauti inapogonga kwanza. Pa kujua ni rahisi: mtu ateleze kioo ukutani, pale utakapoiona spika ndani ya kioo ukiwa umekaa ndipo pa kufunika. Kabati la vitabu lililojaa linafaa vile vile.

Ukimaliza hayo na bado una laki kadhaa mkononi, ziweke kwenye spika bora, za mtumba ikibidi, baada ya kuzisikiliza kwenye chumba chako mwenyewe. Kati ya vifaa vyote ulivyonitajia, spika ndizo zinazotofautiana zaidi kisauti. DAC za leo, hata za bei ya kawaida, zinakaribiana sana.

Na kama moyo bado unaivuta ile swichi, sitakukataza kuijaribu, mradi uijaribu kwa haki. Muombe muuzaji akuazime kwa wiki moja. Mwambie mtu wa nyumbani abadilishe kati yake na swichi ya kawaida mara kumi, bila mpangilio, wewe ukiwa umetoka nje ya ukumbi, sauti isiguswe hata kidogo, wimbo uwe ule ule. Wewe andika tu ni ipi. Kwa kubahatisha, mtu hupata tisa au zaidi kati ya kumi mara moja hivi katika majaribio mia, kwa hiyo ukipata tisa una haki ya kuamini masikio yako. Ukipata tano au sita, umepata jibu. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa kukuazima.

Yapo mambo mawili ambayo hupaswi kuyamaliza mwenyewe kwa kusoma majibu yangu. Ukigusa kasha la amplifaya au la kisanduku na ukahisi msisimko wa umeme kwenye vidole, au soketi inapata joto, au mvumo unaongezeka majirani wanapowasha mashine, acha kutumia vifaa hivyo na umwite fundi umeme mwenye leseni apime waya wa ardhini wa nyumba nzima. Nyumba nyingi za zamani zimeongezewa nyaya na vizazi vitatu vya mafundi, na zipo ambazo pini ya tatu ya soketi haijaungwa na kitu chochote. Asiishie kutazama soketi kwa macho. Aje na mita, akupe kipimo.

Jambo la pili ni la mtoa huduma. Ping ya kwanza ikiwa shwari na ya pili inayumba kila usiku hata simu zote zikiwa zimezimwa, piga picha madirisha yote mawili kwa siku tatu mfululizo, saa zikionekana, kisha watumie na uombe fundi wao aje usiku huo huo wa tatizo, asije saa nne asubuhi mambo yakiwa sawa. Na taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha faiba ikiwaka nyekundu wakati wowote, usipoteze muda kupima chochote: uzi wa faiba umekunjwa, umekatika, au kichwa chake kimechafuka, na mwenye vifaa vya kuukagua ni wao.

Nitumie matokeo ya ping, na uniambie vichwa vya ule waya ni vya bati au vya plastiki.